Mshale Uliokaa Katikati

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba yule mdogo kifua kimemwachia. Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya niache simu nikashika kalamu. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila ukipokea najikuta nakuuliza habari za mvua. Mara ya mwisho ulinicheka, ukasema leo Chiriku ameishiwa maneno. Sikuishiwa, kaka. Yalikuwa mengi mno, nikashindwa kujua nitangulize lipi.

Usishtuke, hakuna aliyefariki. Mama yupo na Baba yupo, bado anabishana na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Ila nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma, maana mimi jambo hili limenikuta nimesimama na nusura nianguke.

Unalikumbuka gari la Baba, lile la rangi ya maziwa lenye taa za duara. Najua pia hupendi kulisikia likitajwa. Limelala bandani miaka ishirini na miwili, kuku wametagia siti ya nyuma vizazi na vizazi. Mwaka juzi Baba alianza kusema kwamba anataka kulipanda tena na Mama kabla macho yake mwenyewe hayajapofuka kabisa. Mimi na kimbelembele changu nikasema fundi umeme wa magari katika nyumba hii ni mimi, nitalifufua. Ile injini iliyonoki na kufa niliitoa, nikatafuta nyingine ya aina ileile mpaka nikaipata, na kila nilipokuwa na Jumamosi isiyo na kazi ya watu nilikuja kulala chini ya gari la mzee.

Mwezi huu ikawa imebaki dashibodi. Sikutaka injini niliyoihangaikia hivyo itegemee geji moja ya zamani ya joto, basi nikaleta tatu mpya: ya joto la maji, ya presha ya oili na ya chaji ya betri. Baba akaja juu. Akasema dashibodi ile ilitoka hivyo kiwandani na haitobolewi. Geji zangu nizitundike ninapotaka, hata kwenye paa, ila ile ya zamani isiguswe. Alilirudia hilo asubuhi nzima, ya zamani isiguswe, huku amekaa kwenye kigoda mlangoni pa banda akinisimamia utadhani nimeanza kazi jana. Nikamtania kwamba ana wivu na dashibodi kuliko alivyo na mkewe. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikakata kipande cha bati la alumini, nikakikunja, nikatoboa matundu matatu na kuyapiga tupa mpaka geji zikaingia bila kucheza. Nikakifunga chini ya dashibodi kwa matundu mawili yaliyokuwa ya kushikia redio, ili mzee asipate la kusema. Bomba jembamba la oili nililipitisha kwenye tundu la ukuta wa injini, nikalivika mpira lisikatwe na bati. Kazi ilikuwa safi, kaka, na najisifu mwenyewe kwa kuwa Baba hakunisifu. Akaingia ndani kunywa dawa yake ya mchana, nami nikaunga betri ili nijaribu taa za geji.

Nikawasha swichi tu, injini sikuiwasha. Injini ilikuwa baridi na rejeta haina hata tone la maji. Geji yangu mpya ya joto ikabaki chini kabisa, kama inavyotakiwa. Nikainua macho kuitazama ile ya zamani. Mshale wake ulikuwa unapanda, taratibu, kama gari linalopata moto asubuhi. Haikufika hata dakika, ukafika katikati na kusimama hapo.

Nilizima, nikasubiri ukashuka, nikawasha tena. Ukapanda, ukasimama katikati. Mara ya tatu nikatoa skrubu za geji ile iliyokatazwa kuguswa, nikaivuta nje na kumulika nyuma yake kwa tochi. Waya unaotoka kwenye injini kuja kuiambia geji joto lilivyo ulikuwa umekatwa na ncha yake kukunjwa. Mahali pake palikuwa na rezista, kile kidude kidogo cha kupunguza umeme, kimeungwa upande mmoja kwenye geji na upande wa pili kwenye bodi ya gari. Kwa maneno mepesi, mtu alikuwa ameufunga mshale. Ukiwasha swichi unapanda hadi katikati na hauondoki hapo, injini iwe baridi au iwe inaungua.

Nikakaa kwenye sakafu ya banda na rezista mkononi, nikakuona wewe na miaka yako kumi na tisa, umesimama sebuleni ukisema mshale ulikuwa katikati, na nyumba nzima ikikuita mwongo.

Kisha nikatazama kiungo chenyewe. Kilikuwa kimezungushiwa utepe wa kitambaa, na juu yake kimefungwa kwa uzi wa nta, mizunguko saba iliyobanana na ncha ya uzi imefichwa chini ya mizunguko. Hakuna fundi wa magari anayefunga waya hivyo. Hivyo ndivyo walivyofunga mafundi wa simu wa zamani, na fundi wa simu tuliyekuwa naye nyumbani ni mmoja, Baba. Ndiye aliyenifundisha fundo lile nikiwa darasa la tano, kwa kamba za viatu vyangu vya shule.

Niliingia ndani na grisi yangu mikononi. Mama alikuwa anachambua mchele, Baba amekaa ng'ambo ya meza na glasi yake ya maji. Sikusalimu wala sikunawa. Nikakiweka kile kidude mezani mbele yake. Baba macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini alikigusa kwa kidole, akafika kwenye ule uzi, na mkono ukatulia. Mama akauliza ni nini hicho. Akauliza tena, safari hii akiweka ungo chini.

Ndipo Baba akasema. Alisema zamani zile Mama alikuwa hatazami njia akipanda gari, alikuwa anatazama mshale. Kwenye kila mlima anamshika mkono asimame, maji yanachemka, watoto wamo ndani. Ikafika mahali safari zote ni ugomvi. Basi siku moja akaufunga mshale ili Mama apate raha, akiwa na nia ya kuurudisha. Raha ikapatikana, naye akauacha. Mwenyewe aliendesha kwa kusikiliza injini, na wewe siku ile hakukwambia.

Mama alikisukuma kile kidude kikarudi mbele ya Baba. Halafu akasema, "Mimi sikukuomba unifichie mshale. Nilikuomba utengeneze rejeta."

Kaka, nilidhani hapo ndipo mwisho wa mshtuko, kumbe ndio kwanza. Mama alinigeukia mimi. Akasema haelewi, maana mtoto aliuona mshale kwenye nyekundu, mtoto aliulizwa mbele ya watu akasema. Mtoto huyo ni mimi, na sasa nafika kwenye neno ambalo simu ilinishinda.

Siku ile tulikuwa tunakwenda kumchukua Mama hospitali, baada ya kupasuliwa. Leseni yako ilikuwa haijamaliza hata mwezi. Ukanipa kazi: wewe uangalie barabara, mimi niangalie mshale, ukipita katikati nikwambie. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona rubani. Sikubandua macho, kaka. Mshale haukutikisika. Ulikuwa katikati tulipotoka, ulikuwa katikati tulipoanza kupanda, na ulikuwa katikati mvuke ulipofumuka mbele ya kioo na injini ikakata.

Jioni wakatuweka sebuleni, Baba, Baba Mkubwa na Mjomba. Ukasema ulivyoona. Wakasema injini hainoki mshale ukiwa katikati, haijawahi kutokea. Ukasema muulizeni Chiriku, alikuwa anautazama. Nami nikaulizwa. Watu wazima watatu walikuwa wameshasema haiwezekani, nikaona basi mimi ndiye sikuangalia vizuri, na kuangalia ilikuwa kazi yangu. Mkanda wa Baba ulikuwa umening'inia pale mlangoni. Nikasema mshale ulikuwa juu, kwenye nyekundu. Nikaongeza na ambalo hakuna aliyeniuliza, kwamba nilikwambia usimame ukakataa.

Wewe ulikuwa umefungua mdomo. Ukaniangalia, ukaufunga, na tangu dakika ile hukujitetea tena. Wiki haikuisha ukaondoka na begi lako, na mpaka leo salamu za Baba unazipitishia kwa Mama. Mimi niliurudia uongo ule kwa shangazi, kwa majirani, mpaka nikauamini. Nisikufiche: mpaka Jumamosi ile, nikifumba macho nauona mshale kwenye nyekundu kabisa. Nilikuwa nakuhurumia, kaka. Nilikuwa nasema moyoni kwamba kaka yangu ni mtu mzuri, ila ujana ulimponza. Naandika hili na nasikia aibu mpaka masikioni.

Haya yote niliyasema palepale, mbele ya mchele wa Mama. Nilidhani Baba atapigwa na butwaa kama mimi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Nilijua unasema uongo. Mshale ule usingeweza kufika kwenye nyekundu, niliufunga kwa mkono wangu. Nilikuwa natafuta namna ya kukiri, wewe uliposema nikapata pa kujifichia."

Nimeyasikia maneno hayo usiku na mchana tangu hapo. Tulikuwa watatu tuliojua kwamba mtoto anasema uongo: wewe, mimi na yeye. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ushahidi mkononi, na akaniacha. Wewe hukuwa na ushahidi ila ulikuwa na mdomo, na ungeweza kusema Chiriku anadanganya, nikala mkanda mimi badala yako. Nimechelewa sana kuelewa ulinyamaza kwa ajili ya nani.

Mama aliinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Siku tatu hakusema na Baba wala na mimi. Chakula alipika, akatenga, akaondoka. Siku ya nne akatoka na khanga yake ya kutokea, akaniamuru nikamlete Baba Mkubwa, na Mjomba naye, wote wawili, na nisirudi na mmoja. Baba Mkubwa siku hizi anatembelea magongo, lakini alikuja. Mama akawakalisha sebuleni palepale walipokaa siku ile. Baba akasema lake mpaka mwisho, na Mama hakumsaidia hata neno moja. Nikasema na langu. Mjomba alijifunika uso kwa kofia yake. Baba Mkubwa akaomba kukiona kile kidude, akakigeuza kiganjani, akauliza ni haka tu? Nikamjibu ni haka tu. Akasema basi kijana alionewa, na akataka lisemwe hivyo kwa kila aliyelisikia lile la kwanza. Ndiyo kazi niliyopewa. Nimeshamaliza majirani wa upande wa juu, na shangazi nimemwendea mwenyewe.

Jana Baba aliniita. Alikuwa ameishika simu, ameifungua kwenye jina lako, na hakubonyeza. Akaniomba nimwandikie msamaha wake ndani ya barua hii. Nimekataa, kaka. Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwambia macho yakimshinda aandike kwa herufi kubwa. Tangu asubuhi yuko pale mezani na Mama amekaa mbele yake, hamsemeshi wala haondoki. Kuna mstari mmoja tu mpaka sasa. Sijauchungulia.

Mimi nimeandika ya kwangu. Sikuombi uje, wala sikuombi unijibu upesi. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitasikiliza mpaka mwisho na kwa mara ya kwanza sitakukatiza. Msomee na wifi, maana ameolewa na mtu aliyeitwa mwongo kwao na ana haki ya kujua. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda hata kama hawajawahi kumwona uso kwa uso.

Mama anakusalimu kwa jina lako kamili. Pokea na salamu zangu mimi, niliyeuona mshale ukiwa katikati nikasema uko kwenye nyekundu.

Mdogo wako,
Chiriku