Ndoano Iliyofichwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda nikipanga raba. Mgeni anakuja Ijumaa kutoka Nairobi. Anataka mbuta mkubwa, na anataka kumvua katikati ya magugu, si kwenye maji wazi kama watu wengine. Ameona kwenye simu. Wageni wote siku hizi wameona kwenye simu.

Raba ni hivi vyambo laini vya plastiki. Kuna za umbo la chura, kuna za samaki mdogo mwenye mkia wa kutikisika, kuna za mnyoo. Samaki mdogo hafai, ule mkia unabeba takataka zote za ziwa. Chura anateleza vizuri juu ya majani lakini chini hafiki. Nimechagua mnyoo mnene wa kijani wenye madoa meusi. Mbele risasi nzito ya kuizamisha, ndoano nimeizika ndani ya raba ncha isionekane. Ndivyo inavyopenya gugumaji. Ukiacha ncha nje unavua mboga.

Odhiambo anasema nyeusi ni bora kuliko kijani. Mdogo wangu huyu hukataa kila ninachochagua, kisha hukitumia nisipoangalia. Leo ametia mbili za kijani mfukoni akidhani sijamwona.

Magugu yameifunga ghuba kabisa. Ukisimama hapa kwetu unaona uwanja wa kijani, halafu mbali sana, kisiwa cha Takawiri. Watoto wanasema twende tucheze mpira juu ya magugu. Nimewafukuza.

Jumatano, 5 Machi

Upepo umegeuka mchana. Odhiambo alikuwa ametoka na boti peke yake kutafuta matundu kwenye magugu kwa ajili ya mgeni. Hajarudi.

Wavuvi wa omena walimwona kwa mbali. Magugu yalimzunguka, propela ikajaa mizizi, akashuka kuisukuma boti. Wanasema alikanyaga yale majani kama mtu anayeingia shambani kwake. Kila mtu hapa anajua hayabebi mtu. Yeye pia alijua. Alikuwa na haraka, au alichoka, au alikuwa Odhiambo tu.

Boti imepatikana. Yeye hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Wametafuta kutwa nzima. Wanaume wamekokota kamba ya ndoano pale penye maji wazi. Chini ya magugu kamba haiendi, mizizi inaikamata kabla haijazama. Mama amekaa ufukweni, hataki uji, hataki leso ya kujifunika. Atieno, mke wa Odhiambo, ananyonyesha mtoto huku macho yakiwa ziwani.

Nimempigia mgeni asije. Ameuliza, wiki ijayo je? Nimekata simu.

Ijumaa, 7 Machi

Baba Mdogo ndiye mkubwa wa boma tangu baba afariki. Ameniita mbele ya watu wote. "Omondi, hapa hakuna mwingine anajua kupitisha uzi kwa hiyo magugu. Chukua hiyo fimbo yako ya kuvulia uende utuletee huyu mtoto."

Ni kweli. Hakuna mwingine. Nimechukia kwamba ni kweli.

Nimeazima boti ya jirani. Injini sikuwasha, nimesukuma kwa mti. Mnyoo wa kijani, risasi mbili badala ya moja. Natupa juu, inapasua majani, inashuka mpaka kwenye tope. Navuta polepole. Mkono wangu unajua mzizi, unajua tope, unajua jiwe. Nimepitisha kila mahali kuanzia pale boti ilipokutwa hadi kwenye mafunjo. Haikushika kitu.

Mbuta mmoja ameuma. Wa kupendeza, wa kumpiga picha. Nimemrudisha majini nikimtukana.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wamemwombea Odhiambo apumzike kwa amani. Nilitaka kusimama niulize, apumzike wapi? Nikakaa. Mama alikuwa amenishika mkono, nadhani aliona.

Baada ya ibada nimetoka tena. Nimefunga raba nyeusi, kwa ajili yake. Inapenya vizuri zaidi kuliko ya kijani. Alikuwa anasema kweli mjinga yule, na sasa nani nitamwambia.

Hakuna kitu.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo kwangu ni cha kulilia, na nikianza kulia hapa sitamaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Wazee wamekaa. Wanasema Jumamosi tuzike yago.

Nilijua wangefika hapo. Mtu akipotea majini na mwili usipatikane, tunda la yago linazikwa badala yake. Ni tunda refu, gumu, zito kama mtoto mchanga. Linaletwa nyumbani, linalazwa, linaliliwa, linafukiwa. Likishafukiwa, kazi imekwisha. Hakuna anayetafuta tena, maana mtu amezikwa.

Nimewaambia ndugu yangu si tunda. Nimesema kwa sauti ambayo haisemwi mbele ya wazee. Nimewaomba wanipe hadi Ijumaa jioni. Baba Mdogo ameinamisha kichwa, kisha akasema sawa, Ijumaa jioni. Hakunikemea. Angenikemea ingekuwa afadhali.

Atieno alikuwa mlangoni, anasikiliza.

Jumanne, 11 Machi

Mvua asubuhi. Nimetoka hivyo hivyo. Kijani, halafu nyeusi, halafu ile ya kahawia ambayo hakuna samaki wa ziwa hili aliwahi kuitaka. Nimebadilisha risasi. Nimebadilisha uzi. Nimerudi mikono mitupu na mafua.

Kaka zake Atieno wamefika kutoka Rongo na gunia la unga na sukari. Watu wazuri. Wananiangalia kama watu wanaosubiri fundi amalize.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa mezani nikifunga raba za kesho. Atieno ameingia, ameketi, ameokota moja. Akaigeuza na kuibonyeza huku na huku.

"Shemeji, ndoano ya hii iko wapi?"

"Iko ndani. Nje ingeshika magugu."

"Sasa inatoka aje?"

"Samaki akiuma. Anabana raba na meno, ncha inatokea."

Kisha akasema, bila hasira, "Na Odhiambo ataiuma?"

Nimemfokea. Nimemwambia hajui kazi ya maji, watu wa Rongo wanajua miwa. Ameirudisha raba mezani taratibu, akaenda kumlaza mtoto.

Nimekaa hapa tangu hapo. Siwezi hata kuinuka nikamwombe msamaha.

Watu wote wa ufuo huu wamekuwa wakinitazama nikienda na kurudi, na mimi nimekuwa nikipitisha juu ya ndugu yangu kitu ambacho hakishiki. Si ajabu mizizi iliniachia. Si ajabu mawe yaliniachia. Mimi ndiye ninayefundisha wageni jambo hili kila wiki. Samaki asipouma, raba inapita tu, inasalimia kila kitu na kuendelea na safari. Nimelisema mpaka wageni wanalirudia.

Na sikusahau. Ningesahau ningejisamehe. Kila asubuhi nilikuwa naishika ndoano, nafikiria ncha hii itamwingia wapi, shavuni, jichoni, kwenye ule mkono wake wenye kovu, na vidole vyangu vilikuwa vinaizika wenyewe. Nilitaka kumtafuta. Sikutaka kumpata.

Atieno ameliona hilo kwa kubonyeza raba mara moja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwomba Atieno msamaha kisimani. Amesema, "Shemeji, mimi nataka tu arudi. Hata akirudi na ndoano mwilini." Akajitwika ndoo yake.

Nimeazima panga mbili. Nimeshinda nikikata matundu kwenye magugu, moja baada ya jingine, maana ndoano ya wazi haiwezi kupenya. Jioni mikono ilikuwa haifungi. Matundu mengi yalikuwa yameshaziba kabla sijafika nyumbani. Magugu haya yana roho mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna raba leo. Ndoano tatu nimezifunga mgongo kwa mgongo, midomo wazi, na kipande cha risasi chini. Chombo kibaya. Sikuweza kukitazama wakati nakifunga, nimekifunga kwa kupapasa.

Nimekata tundu, nimetupa. Nimekata jingine, nimetupa. Kinashika kila kitu. Mizizi, nyavu za zamani, gunia, kamba ya mtu. Kila mara moyo unasimama. Kila mara ni takataka.

Alasiri, karibu na mafunjo, kimeshika kitu kizito. Hakikupigana. Kilikuja tu, taratibu, kama mtu aliyekubali. Nimevuta nikisema iwe yeye, na nikisema isiwe yeye, yote kwa pumzi moja.

Ni gambuti. La mguu wa kushoto, limejaa tope hadi juu. Kisiginoni kuna kiraka cha tyubu ya baiskeli. Alikibandika mezani kwangu wakati wa Krismasi, akamaliza gundi yangu yote, akasema atanunua nyingine.

Nimetupa tena hapo hapo. Na tena. Nimekata magugu yote ya pale. Baba Mdogo na kaka zake Atieno wamekuja na boti nyingine kunichukua. Nimekataa kushuka. Baba Mdogo amepanda kwenye boti yangu, mzee wa watu, amekaa pembeni yangu, akanivua fimbo mkononi kidole kimoja kimoja.

"Inatosha," amesema. "Umefanya kazi yako."

Sikumpata.

Jumamosi, 15 Machi

Yago limelazwa sebuleni kwa Odhiambo, limevikwa shati lake la Jumapili na kufunikwa blanketi. Gambuti lililazwa upande wa miguu. Atieno alikuwa ameliosha. Tope lote lilitoka, kiraka hakikutoka. Gundi yangu ni nzuri.

Wakati wa kulifunga yago, Mama alisogea akasema, "Mfungeni vizuri, kiatu kisimtoke tena."

Watu wote walianza kulia pale. Mimi pia nimelia. Kwa Kijaluo.

Tumelifukia kando ya nyumba yake. Kaburi la urefu wa mtu.

Jumatano, 19 Machi

Nimeamka nikakuta magugu yameondoka. Upepo umeyasukuma yote kuelekea Takawiri. Ghuba ni maji matupu mpaka mwisho wa macho, safi, yanang'aa, kama mtu ambaye hajafanya kitu. Wamama wanafua. Wanaume wametandaza nyavu. Atieno ameanika nguo za mtoto kwenye ua na anaongea na Mama kuhusu mahindi, kama yapandwe sasa au yasubiri.

Hakuna aliyetazama ziwani kwa namna ile ya kumtafuta mtu. Hawatakiwi. Odhiambo amezikwa.

Mgeni wa Nairobi amepiga tena. Safari hii ametoa pole, mtu fulani alimwambia. Ameuliza kwa adabu kama kesho kutwa inawezekana, na kama magugu bado yapo. Nimemwambia yako Takawiri, tutayafuata.

Nimekaa mezani na sanduku. Nimechagua raba kama kawaida. Mnyoo mnene, mweusi, risasi nzito mbele. Nimeingiza ndoano kichwani, nimeizungusha, nimefika pale pa kuizika ncha.

Nimeiacha nje.

Itashika magugu. Itashika kila kitu. Acha ishike.