Namba Ziko Wapi

Jumapili alasiri, Munyaka.

Mvua ilianza tulipokuwa tunatoka kanisani na bado haijakatika. Nimekaa mezani na viatu vya matope miguuni, jambo lisiloruhusiwa katika nyumba hii. Mama Neema, mke wangu, amepita, ameviangalia, ameenda zake jikoni.

Afadhali angenigombeza.

Ninyi mnaokuja hapa kuona picha za vitu vyangu vya mfukoni, leo hakuna picha. Leo najichukia na nataka kueleza kwa nini.

Nianze na raha, maana ilikuwa raha kweli. Mimi ni karani katika duka la vyakula vya mifugo hapa Eldoret, na ni miaka minne sijatoka nyumbani bila vitu vyangu vitano: kisu cha kukunja chenye plaisi ndani yake, bisibisi fupi kama kidole, tochi ndogo, kalamu ya chuma, na kikopo cha peremende nilichokigeuza sanduku la huduma ya kwanza, kina plasta na dawa ya kichwa. Kila asubuhi navipanga mezani, naviangalia, ndipo naviweka mfukoni. Kila kimoja kina mfuko wake. Jirani akikwama na kitasa, ananiita. Kazini waya ukilegea, wananitafuta mimi kabla ya fundi. Napenda sana kuitwa. Hilo sijawahi kuliandika hapa, lakini ndilo lililo chini ya hizi picha zote.

Kibodi ilikuja baadaye na ikanimaliza kabisa. Niliagiza vipande, nikaiunganisha mwenyewe. Chini ya kila kitufe kuna swichi, na kila swichi niliifungua, nikaipaka mafuta kwa brashi nyembamba, nikaifunga tena. Ilinichukua Jumamosi tatu. Sauti yake ni ya mahindi makavu yakidondoka kwenye debe, moja moja. Niliipenda hata nikawa naandika barua pepe ndefu za kazini bila sababu yoyote.

Nilitaka iwe ndogo, kwa hiyo niliondoa safu ya namba. Namba nikazificha: unashikilia kitufe cha kwanza chini kushoto, ndipo safu ya juu inakupa moja hadi sifuri. Kisha nikaweka vitufe visivyoandikwa kitu, vyeupe tupu. Katika kundi letu la mtandaoni, mwenye kibodi tupu anaheshimiwa, kwa sababu vidole vyake vinajua njia. Nilituma picha. Walinisifu wiki nzima.

Meza yetu ni ndogo, hivyo nailaza juu ya laptopu, juu ya vitufe vya laptopu yenyewe. Ili isivibonyeze vya chini, nilivizima kabisa. Laptopu hiyo ni ya nyumba nzima. Mama Neema aliniuliza siku ile yeye sasa ataandika vipi. Nikamwambia nitamwonyesha.

Sikumwonyesha.

Mama Neema ni mwalimu. Nasema ni mwalimu ingawa ni miaka sita anauza mitumba huku vyeti vyake vikikaa ndani ya bahasha juu ya kabati. Ameomba kazi mahali pengi hata ameacha kunitajia. Simu yake nzuri ilianguka kwenye ndoo ya maji, sasa anatumia kabambe ya kupiga na kutuma ujumbe tu, isiyo na intaneti, na barua pepe anazisoma kwenye laptopu, siku ambazo mimi sijaikalia.

Alhamisi nilikuwa mji wa Ziwa. Ilikuwa siku ya soko, nikachukua oda za wafugaji, kisha mzee mmoja akaniomba nipite kwake, mashine yake ya kukata majani imekwama. Hiyo si kazi yangu. Nilienda mbio.

Wakati huo Mama Neema alikuwa nyumbani amefungua barua pepe. Akakuta shule moja ya msingi imemwita kwenye usaili. Barua ilikuwa na siku tatu pale. Alitakiwa kuthibitisha kwenye ukurasa wao kwa kuandika jina lake na namba ya kitambulisho, mwisho saa sita mchana, Alhamisi hiyo hiyo. Saa yake ilionyesha saa tano na nusu.

Haya alinisimulia baadaye, bila hasira, kama mtu anayesimulia ajali ya mtu mwingine.

Alibonyeza kitufe kimoja kimoja kuona kinatoa herufi gani. Akipata moja, anakata kipande cha plasta, anaiandika herufi kwa kalamu, anaibandika juu ya kitufe. Plasta ni ya paketi yangu ya akiba, ile ninayojazia kikopo changu. Kwa njia hiyo akayapata majina yake yote matatu. Halafu akafika kwenye kitambulisho. Akatafuta namba kila mahali. Akanipigia.

Sasa hapa.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwa yule mzee, plaisi mkononi, nimezungukwa na watu kama wanane. Nilikuwa nimeshaona tatizo, kipande cha waya kimejisokota kwenye kisu cha mashine. Simu ikatetemeka. Niliitoa, nikaona jina lake, nikairudisha mfukoni. Nilidhani anataka kuniambia nimletee maziwa. Huo ndio ukweli, na hata huo si wote. Ukweli wote ni kwamba mzee alikuwa ametoka kuwaambia wenzake, "Mwangalie huyu, ni injinia kabisa," na mimi sikutaka kusimama.

Alipiga mara tatu. Mara ya tatu hata sikuitoa.

Mashine ilipowaka walinipigia makofi. Nikaletewa mursik, maziwa yao ya kugandishwa, nikakaa kivulini, nikaeleza matumizi ya vifaa vyangu, kimoja baada ya kingine. Nilipoishika simu tena ilikuwa saa saba kasoro. Kulikuwa na ujumbe: "Baba Neema namba ziko wapi kwa hii kibodi. Inafungwa saa sita."

Yeye alikuwa amekimbia mpaka saiba ya intaneti iliyo karibu na steji ya matatu. Ukurasa ulipofunguka ulimwambia muda umekwisha. Ilikuwa saa sita na dakika saba. Ijumaa alipiga simu shuleni, sekretari akamjibu kwa upole kwamba orodha imefungwa.

Nilifika nyumbani jioni hiyo na kitu cha kwanza nilichokiona ni plasta. Nilikuwa na njia nzima ya kupanga neno la kumwambia mke wangu. Nikasema, "Nani amebandika hizi vitu kwa kibodi yangu?"

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa natafuta namba."

Ndipo nikamwambia network ya Ziwa ni mbaya, simu zake sikuziona. Nilisema haraka, nikiwa navua koti. Network ya Ziwa, kila mtu anailaumu, haiwezi kujitetea. Alikubali kwa kichwa. Akaosha sufuria, akafuta mikono, akaja akasimama kando yangu.

"Nionyeshe tu mahali ziko. Nijue."

Nikamwonyesha. Akashikilia kitufe cha chini kwa kidole cha kushoto, akaandika namba ya kitambulisho chake polepole kwenye ukurasa mtupu, yote, bila kukosea. Akaiangalia.

"Kumbe ni hapo tu," akasema, akaenda kupika.

Nimeyahesabu maneno ya kumwelekeza. Shikilia cha kwanza chini, bonyeza safu ya juu. Maneno manane. Ningeweza kuyasema nikiwa nimepiga magoti vile vile, bila hata kuweka plaisi chini.

Ningeacha hapo, ningeendelea na maisha na uongo wangu mdogo, kama si leo.

Leo baada ya ibada kipaza sauti cha kanisa kilikuwa kimelegea, nikaitwa, nikatoa bisibisi, nikakaza. Mzee wa kanisa akasema Baba Neema hakosi kitu mfukoni, watu wakacheka vizuri. Nilipotoka nje nikamkuta Mama Neema na kina mama wenzake chini ya bati la jiko la kanisa, wakisubiri mvua ipungue. Walikuwa wanamuuliza habari za ile kazi. Mama mmoja akasema, kwa ile sauti ya kutafuta wa kulaumiwa, kwani Baba Neema alikuwa wapi siku hiyo.

"Aki msimlaumu," Mama Neema akasema. "Alikuwa Ziwa, na mnajua network ya huko. Huyo angeona simu yangu angeshika."

Nilisimama pale. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kichwa, jamani, na bisibisi bado iko mkononi.

Tumetembea mpaka nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Alikuwa anauegemeza upande wangu, bega lake linalowa, na mimi nikamwacha.

Sasa niko hapa naandika. Plasta sijazibandua. Ijumaa nilijaribu moja, nikaacha. Ameandika zile herufi ndogo kama zinavyoandikwa ubaoni darasa la kwanza, g ina mkia wake wa mviringo, t imekatwa sawasawa kwa mstari mfupi. Hata akikimbizana na saa aliandika kama watoto wanamtazama. Kwenye kitufe kimoja pembeni, mahali alipodhani labda namba zimejificha, ameweka alama ya kuuliza. Ni kitufe cha kwanza chini kushoto. Alikuwa amekifikia. Alikibonyeza peke yake, hakikutoa kitu, kwa sababu mimi nilikipanga kisitoe kitu mpaka kishikiliwe.

Naandika haya hapa kwanza kwa sababu hapa hasomi. Kabambe haifungui blogu, na laptopu nimeikalia mimi. Watu nisiowajua wataujua ukweli kabla ya mwanamke ninayelala naye nyumba moja, na nimelipanga hivyo mwenyewe, kama nilivyopanga namba.

Nasikia anachuja chai. Vikombe viwili. Ataniita sasa hivi, na nitalazimika kuvua hivi viatu na kwenda kukaa mbele yake.

Simu niliiona. Hayo ni maneno mawili tu.

Au nitakunywa chai yake na kusema ni tamu?