Chupa Ndani ya Chungu cha Trafoli

Mama Awino,

Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya jikoni, pale pale ulipokuwa ukinifukuza. "Nyathina, mwanangu, hebu nenda uangalie kama mvua inakuja," ulikuwa ukisema. Mimi naenda, naangalia mbingu ya Sindo isiyo na hata wingu, narudi nakukuta unajifunga leso upya. Kila asubuhi. Mtu gani anaulizia mvua kila asubuhi, hata Januari? Hapo ndipo nilipoanza kukushuku. Nakuambia mapema, usije ukafikiri nimekuja kulia tu.

Unanijua, mimi ni mtu wa shuku. Nikipimiwa sukari dukani, macho yangu yako kwenye kidole cha muuzaji. Nikisifiwa, nauliza nani amekutuma. Ulikuwa unacheka, unasema nikifika mbinguni nitamwomba malaika kitambulisho. Basi tangu uondoke shuku yangu haijalala. Ulianguka Jumamosi kwenye harusi ya binti wa mwalimu mkuu, Jumatatu ukafa bila kufumbua macho, na mji mzima ukawa na maelezo. Wengine walisema ni ugonjwa wa siku hizi, kwa vile ulikuwa umekonda. Wengi walisema dawa yako ya biashara imekugeukia. Mimi nilisema umewekewa sumu. Nilimshuku mpishi wa pilau. Nilimshuku shemeji yako aliyekuletea soda ambayo kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa. Zaidi ya wote nilimshuku Nyar Muhuru, jirani yetu muuza omena, wale dagaa wa ziwani, tunayemwita hivyo kwa kuwa kwao ni Muhuru Bay. Kwenye matanga alilia kuliko Awino, na Awino ndiye binti yako wa pekee.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nataka kila kitu kikae mahali pake. Ulirudi kutoka jikoni kwa masista wa misheni na ujuzi ambao hakuna mwingine huku aliyekuwa nao, trafoli za chokoleti. Ulikuwa unachemsha malai ya maziwa ya ng'ombe wako, unayamwaga juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, unakoroga mpaka inang'aa, halafu ikishapoa tunaiviringisha vidonge kwa viganja na kuvigaragaza kwenye unga wa kakao. Joto la hapa lingeyeyusha zote kabla ya saa nne, kwa hivyo ulikuwa na chungu kile kikubwa ulichokifukia kwenye mchanga wenye maji, na gunia bichi juu yake. Viganja tulivipoza kwanza kwa maji ya ziwa. "Mkono moto unaharibu," ulisema. Wangu ulikuwa moto siku zote, ukasema ni hasira.

Watoto waliziita mavi ya mbuzi, na tuseme ukweli, zilifanana. Kitu kidogo, cheusi, kina vumbi. Nani atatia mdomoni kitu kama hicho? Huku kwetu chakula usichokijua hukili mpaka aliyekileta aume kwanza mbele ya macho yako, na ameze. Nawe hukubishana na desturi. Ukifika kwenye meza unachukua moja, unauma, unawaonyesha mdomo uko wazi, imeenda. Ndipo wanajaribu. Unamkumbuka yule fundi wa boti aliyefumba macho, akasema "Yawa" kwa mshangao, halafu akalamba vidole mpaka tukaondoka? Mimi nilipotaka kuuma badala yako ulinikataza. "Wanaujua mdomo wangu," ulisema. Hilo nalo nililishuku, nikadhani hutaki wateja wanizoee.

Halafu ikaja siku ile. Nilikuwa napanga trafoli chunguni, kidole changu kikagusa kioo chini kabisa, kimeviringishwa kwa kitambaa. Kichupa kidogo chenye kifuniko cha mpira, maji kama ya kisima ndani, na maandishi ya Kiingereza ambayo sikujisumbua kuyasoma, kwa sababu tayari nilikuwa na jibu. Kumbe, nikajiambia. Kumbe ndiyo maana wateja wanarudi. Mama Awino ana dawa ya mvuto, na mimi ninaiviringisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikakirudisha kama nilivyokikuta.

Ningekuuliza tu. Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu, unapepeta kakao. Badala yake nilimwambia mtu mmoja, Nyar Muhuru, tukigeuza omena zake kwenye nyavu, na nikamwapisha asiseme kwa mtu. Alisema hata kabla omena hazijakauka.

Wewe hukujua neno limetoka wapi. Uliona tu kwamba kuuma mara moja hakutoshi tena. Walitaka uume mara mbili. Halafu kila mnunuzi akataka ile ile yake uimege wewe kwanza, yeye achukue nusu iliyobaki. "Watu wamekuwa waoga mwaka huu," uliniambia, ukaendelea kuuma. Ukaanza kunywa maji kata kwa kata na kwenda chooni kila saa. Gauni la bluu likawa linakuzunguka mwilini. Niliyaona yote hayo, Mama Awino. Nilifikiri dawa inadai malipo yake, na nikazidi kukaa mbali na chungu.

Siku ya harusi sinia nililibeba mimi na mdomo ulikuwa wako. Kila meza walikungoja. Meza ya mwisho, ya shangazi za bwana harusi, walitaka ule tatu nzima huku wakikutazama koo. Ulikula ukitabasamu, jasho linakutiririka shingoni. Nilisimama pembeni na sinia langu, nikiwasogezea.

Wiki tatu baada ya kukuzika nilichimbua kile kichupa nikakipeleka kwa nesi wa zahanati. Usifikiri nilikwenda kwa wema. Nilikuwa na shuku mpya, kwamba Nyar Muhuru alibadilisha dawa yako akatia sumu, na nilitaka aitwe na polisi. Nesi alikigeuza mara moja akasoma. "Hii ni insulini. Dawa ya ugonjwa wa sukari, ya kudunga. Huwekwa mahali baridi." Halafu akaniuliza mgonjwa yuko wapi, na kama kuna mtu anamkataza vitu vitamu. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka mama mmoja akadhani nina malaria akanifunika shuka lake.

Kwa hivyo hiyo ndiyo ilikuwa mvua yako ya kila asubuhi. Ulikuwa unanifukuza ujidunge paja.

Najua kwa nini ulificha. Mtu aliyekonda, na sindano mkononi, katika miaka hii na katika Homa Bay hii, nani angengoja kusikia ni sukari? Wangeshakuzika ungali unatembea. Na nani angenunua vitu vitamu kwa mtu ambaye vitu vitamu vinamuua? Naelewa. Lakini nimekukasirikia pia. Miaka minne tumekaa jiko moja, ungeniambia mimi. Halafu najijibu mwenyewe, ungemwambiaje mtu wa kumwomba malaika kitambulisho?

Jana nilikwenda Rusinga kwa Awino. Nilimpelekea kichupa na trafoli kumi kwenye sahani yako ya maua. Nilizitengeneza peke yangu, na kwa mara ya kwanza mikono yangu ilikuwa baridi, hata maji ya ziwa sikuyahitaji. Awino alikuwa amewakataza wajukuu wako kutaja peremende za nyanya yao mbele za watu. Aliamini kwamba mama yake alikufa kwa uchawi wake mwenyewe. Niliweka kichupa mezani nikamweleza alivyosema nesi, neno kwa neno. Alilia, lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

Kisha akafuta uso akauliza, kwa ile sauti yako ya chini, ni nani alianza maneno ya dawa.

Jina la Nyar Muhuru lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nikasema, "Mimi."

Hakupiga kelele. Alisukuma sahani mbele yangu. "Uma," akasema. Nikauma, nikameza. "Ingine." Nikala. Alikuwa ananitazama koo. Ya tano utamu uligeuka uchungu, ya saba nikaomba maji, hakuinuka, wala simlaumu. Ya tisa niliisukuma chini kwa machozi. Nilikuwa na sahani moja tu, mbele ya mtu mmoja, na sina ugonjwa wowote. Wewe ulizipita meza zote zile.

Ilibaki moja. Nilinyoosha mkono kuichukua, kwa sababu nilijua nimestahili zote kumi. Awino aliniwahi. Aliitia yote mdomoni bila kuningoja niume, akatafuna polepole amefumba macho. Ilipokwisha akalamba kakao kwenye kidole, akasema ni zako kabisa. Halafu ndipo akaniletea maji.

Siku ya soko nitaweka meza mahali pako. Nitakishika kichupa juu wakione, niwaambie ni nini, na nani aliwadanganya, na sitamtaja mtu mwingine yeyote. Wakigoma kununua, sawa. Wakitaka niume, nitauma. Na nikishuku kitu, nakuahidi nitamuuliza mwenyewe usoni kabla sijamwambia mtu wa pili, hasa akiwa hatua nne tu kutoka kwangu.

Oriti, kwaheri, Mama Awino. Leo nimetoka nje kuangalia bila kutumwa. Mvua inakuja kweli, iko upande wa Rusinga.

Akeyo wako.