Bahari Aliyoisimulia Elia

Jumapili, baada ya chai ya jioni

Sijui nicheke au nikasirike. Leo mama mkwe amekuja kutoka Tengeru kusikia habari za safari yetu ya Pangani, na mume wangu Elia amemsimulia bahari kwa nusu saa nzima. Rangi ya maji, minazi, upepo.

Elia hakuiona hiyo bahari. Tulipotoka Tanga mjini mimi ndiye niliyeshika usukani, na yeye alilala kabla hatujazipita nyumba za mwisho. Alikoroma mpaka Pangani, mdomo wazi, bahari ikimpita upande wa kushoto.

"Ilikuwa kulia kwetu, mama, njia nzima," akasema.

Nikamwongezea mama chai.

Ukweli ni kwamba sikutaka kumwamsha. Tangu karakana yake ya Ngarenaro ianze kukosa kazi, halali. Namsikia akigeuka-geuka mpaka alfajiri, na naogopa hata kumuuliza. Siku ile niliendesha taratibu, nikikwepa kila shimo, ili asizinduke.

Mama alipoondoka, Elia akafungua ramani kwenye simu. Anataka mwakani twende Kilwa.

"Mbona hukuniamsha?" akauliza ghafla, macho bado kwenye simu.

"Ulikuwa umelala vizuri."

Akaiweka simu mezani. "Basi na Kilwa uendeshe wewe."

"Na bahari je?"

"Utanisimulia."

Nimekubali. Kesho nikipita sokoni nitamtafutia mto wa kuegemeza shingo.