Ukuta wa Majina, Kiwangwa

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mnara wa vita umekwisha. Nasema mnara kwa mazoea tu, maana haunifiki hata kifuani. Kamati ilitaka askari wa saruji mwenye bunduki. Mimi nikawapelekea mchoro wa ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, baraza mbele yake, na majina ya vijana wa kata yetu ambao hawakurudi kutoka Kagera, yamechongwa usawa wa mtu aliyeketi. Mwenyekiti akacheka: "Binti, hii si baraza ya kahawa?"

Nilitaka kuukunja mchoro nirudi nyumbani. Halafu nikakukumbuka unamenya mihogo, siku ile pekee uliyonijibu habari za vita: "Bunduki nimeziona za kutosha. Wenzangu ndio siwaoni." Nikawaambia maneno yako vilevile. Wakaupitisha mchoro siku ileile.

Baba, ungeiona siku ya kufungua! Baada ya dua watu walisimama mbali, kama wanaogopa. Akatoka Bibi Zena, mjane wa rafiki yako Shomari. Hajui kusoma. Nikamshika kidole, nikakipitisha ndani ya herufi za jina la mumewe, moja baada ya moja, hadi mwisho. Akarudia mwenyewe. Akasema, "Kumbe jina lake refu hivi."

Akaketi, akaegemea palepale, akaanza kumweleza mumewe: nani kazaliwa, nani kafa, mikorosho ipi imekatwa. Miaka yote hiyo, Baba, kama mtu aliyeondoka jana! Wengine wakasogea, kila mmoja na jina lake, mpaka uwanja mzima ukawa unanong'ona. Mwenyekiti alilia bila kuficha uso. Na mimi niliyeuchora... sikujua nilichokuwa nachora.

Jina lako halimo, kwa kuwa wewe ulirudi. Nilitamani kukuweka, nikajua ungenigombeza.

Tulipokuwa tunaagana, Bibi Zena aliniuliza kama Kagera ni mbali. Nikamwambia mbali sana. Akasema, "Basi tuondoke asubuhi."

Naahidi nitampeleka, mwezi ujao, kwa basi la kutokea Chalinze. Tutalitafuta kaburi la Shomari. Yeye atasema yake, na mimi nitamuaga rafiki yako kwa niaba yako, maana wewe hukupata nafasi.

Mungu akunurishie kaburi, Baba.

Mwanao,
Mwanaidi