Inchi Arobaini na Nane

Kwako mdogo wangu, mbishi wa tangu tumboni,

Nakusalimu, maana mama alitufundisha kwamba hata mtu mliyegombana naye husalimiwa. Hujambo? Goti lako linakunjika au bado limegoma? Shemeji yangu na watoto wasalimie kwa moyo mweupe, wao hawajanikosea kitu. Mimi ni mzima kama nyundo. Mkono hautetemeki, na fundi wa magobori wa kunifikia hajazaliwa. Barua hii naiandika mwenyewe, leo siku ya tatu, kwa hiyo usizicheke herufi zangu.

Shemeji yako ndiye aliyenisukuma. Alisema asiponiona na penseli, nitajipikia. Nikamjibu kwamba sitishwi ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Kesho yake nikaenda kununua penseli.

Hujasahau gobori la Mzee Kipara, yule mwindaji. Alitaka mtutu mpya wenye mifereji ya ndani inayozunguka sawasawa na ule wa babu yake. Kupima ni kazi yangu, kuchonga yako. Nilifunga kitambaa chenye mafuta kwenye kichwa cha ufito, nikausukuma ndani ya mtutu huo wa zamani huku nikihesabu inchi hadi ufito ulipogeuka nusu mzunguko, nikazidisha mara mbili. Nikapata inchi sitini na sita kwa mzunguko mzima. Ukachonga sitini na sita. Kipara alipojaribu, risasi zake ndefu hazikuzunguka vya kutosha, zikatoboa ubao zimelala ubavu, matundu kama ya ufunguo. Akasema swala alimtazama tu, akaendelea kula majani. Karakana nzima ikacheka.

Ndipo wewe ukafungua bakuli lako mbele za watu. Ulisema mtutu wa zamani ni arobaini na nane, na kwamba nimepima kwa kusukuma wakati baba alipima kwa kuvuta. Mimi! Nilikuwa nachonga vitako vya bunduki wewe ukiwa bado unatambaa na kula mchanga. Nikakwambia mkono wako umeharibu mtutu, na mdomo wako ni wa uongo. Nikakufukuza. Sijutii kelele zangu, ulinidharau kadamnasi.

Sasa miezi minane imepita. Nasikia hakuna anayekupa bunduki, unanoa majembe na visu. Kila anayeuliza huambiwa huyo ni yule aliyeharibu mtutu wa Kipara.

Juma lililopita Kipara alirudi na lile gobori la babu yake, akaniamuru nipime mbele yake. Nikasukuma ufito hadi mwisho, nikakaza kichwa, nikavuta taratibu. Arobaini na nane. Akauliza imekuwaje chuma kibadilike. Nikamwambia ni hali ya hewa. Shemeji yako alikuwa mlangoni, akaniangalia kama anayeangalia mwizi.

Wewe unajua si hali ya hewa. Kile kichwa kimefungwa kwa skrubu. Ukisukuma, mifereji hukizungusha upande wa kukifungua. Kichwa kinageuka, ufito unabaki nyuma, na inchi zinaongezeka bure. Ukivuta, kinajikaza. Ndiyo maana baba alikuwa akivuta.

Lililonikalia kooni ni hili. Siku ile ulipokwenda kuchukua koti lako, nilisukuma ufito mara moja tena, nikautoa. Kichwa kilikuwa kimelegea, kinacheza vidoleni mwangu. Nilijua pale pale. Nikakikaza, nikaufuta ufito, nikautundika ukutani. Wewe ulikuwa hujavuka hata kizingiti. Ningekuita, ungesikia. Nilikuangalia tu ukienda.

Leo asubuhi nimewaita wale wale waliokucheka, nikawaeleza. Kipara hakunitukana, alitikisa kichwa tu, na hilo liliniuma kuliko tusi. Anataka mtutu mwingine, uuchonge wewe. Amesema mimi nisiuguse hata kwa kitambaa.

Kuomba radhi sijui na sijifunzi uzeeni. Benchi lako la dirishani sijampa mtu. Ukija, usinipe pole wala usiniringie, nitakurushia patasi. Shemeji yako anakusalimu sana kuliko ninavyotaka. Wapungie mkono wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi kaka yako,
niliyepima vibaya.