Kofia ya Mama ya Siku ya Mbio

Dada yangu Bronwyn,

Jumamosi ijayo ni mbio za farasi hapa Warrinda, na jemadari ni Mama. Ameniamuru nikaegeshe gari alfajiri kando ya uzio wa uwanja, pale pale petu pa miaka thelathini, kabla akina Gleeson hawajatuwahi. Jana nilijaribu kukata sandwichi za kuku, akanicheka: "We Narelle, vipande vikubwa hivi ni vya wageni au vya farasi?"

Kofia yake mwaka huu ni pana kama sinia, ina manyoya ya bluu, tena inashuka mpaka masikioni. Nikamwambia itawaziba macho watu wa nyuma.

"Aliyekuja kutazama farasi asimame mbele," akanijibu.

Amenikataza kukuambia, lakini nashindwa: dawa za hospitali zimemaliza nywele zake zote. Tangu Julai hajatoka nyumbani, hata kwenda kanisani.

"Jumamosi kila mwanamke atavaa kofia," akaniambia. "Nani ataniuliza habari ya yangu?"

Mwanamke huyu, Bron! Panda ndege ya Ijumaa. Ukimwona, sifia manyoya tu.

Mdogo wako, nitakuwa pale uzioni,
Narelle